Mwokaji Aliyeleta Mkate Mzima

Wapendwa, mlioko mlangoni sogeeni ndani, nafasi ipo hapa mbele na kiti cha mbele hakijawahi kumng'ata mtu. Kina mama wenye watoto wachanga, kaeni kwa raha. Wakilia waacheni walie, maana habari ya leo yenyewe ina mtoto ndani yake.

Kulikuwa na mwokaji mmoja. Aliishi kwenye mji wa baridi kama huu wetu, ambako asubuhi ukifungua mlango ukungu unaingia kabla ya mgeni. Jina lake silitaji, nikilitaja mtaanza kugeuza shingo kumtafuta kwenye viti. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, upande wa tanuri. Jioni akirudi nyumbani alinukia mkate mwili mzima, na hata akioga unga ulibaki masikioni. Mkewe aliposhika mimba, katika miezi ile ya kutapika, hakuweza kabisa kuivumilia harufu hiyo. Alimpokea mlangoni na ndoo ya maji ya moto, akamwelekeza bafuni kabla hata ya salamu. Likawa jambo lao la kuchekea kila jioni.

Jumuiya yao ilikuwa na nyumba kumi na mbili, na ilikuwa na desturi moja. Kila Jumamosi asubuhi wakishamaliza sala, kapu kubwa liliwekwa katikati, limefunikwa kitenge. Watu walipita mmoja mmoja, kila mtu anaingiza mkono chini ya kitenge, anaweka alichojaliwa, anarudi kukaa. Hakuna aliyeona mwenzake ameweka nini. Mchana mama wawili walilibeba kapu mpaka kwenye nyumba yenye shida wiki hiyo, na nyumba yenyewe haikutajwa mbele ya watu.

Sasa mkate, ndugu zangu, haufichiki. Mwokaji wetu alikuwa akipewa kiwandani mikate iliyovunjika pembe, ile isiyofaa kupelekwa dukani, na kila Jumamosi aliileta mitatu minne kwenye kapu. Kitenge kilifunika, lakini harufu ilijaa chumba kizima. Watoto wa mtaa walimwita Baba Mkate. Akipita njiani alisalimiwa na wakubwa na wadogo, naye, tuseme ukweli, aliipenda sana heshima ile. Kuna mtu humu ndani asiyeipenda? Anyooshe mkono tumwone.

Mimba ilipotimiza miezi saba, kiwanda kikaleta tanuri jipya la umeme. Tanuri lile lilifanya kazi ya watu sita. Watu sita wakaitwa ofisini, wakashukuriwa kwa maneno mazuri, wakapewa mshahara wa mwezi mmoja kila mtu na wakaambiwa wasije kesho. Mwokaji alikuwa wa nne kwenye ile orodha.

Akatoka pale, akashika njia ya nyumbani. Alifikiria nini njiani? Alifikiria karatasi. Kliniki walikuwa wamempa mkewe karatasi ya vitu vya kwenda navyo siku ya kujifungua: glovu, pamba, nyembe, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kutandika kitandani, beseni, na khanga safi. Walikuwa wamekubaliana vitanunuliwa mshahara ukitoka. Hadi siku ile, kwenye mfuko wa safari uliokaa chini ya kitanda, kulikuwa na khanga doti moja na sweta dogo la kijani. Mkewe alilifuma sweta lile kwa mkono wake, jioni kwa jioni. Hakuwa fundi, kwa hiyo mkono mmoja ulitoka mrefu kuliko mwenzake, na kila akilitazama alicheka peke yake. Hiyo ndiyo akiba yote aliyokuwa nayo mtoto huyo duniani.

Tena nesi alikuwa amesema presha ya mama imeanza kupanda, asipewe mawazo. Mwokaji akaling'ang'ania neno hilo. Akajiambia moyoni, sitamwambia, nikimwambia nitamwua. Alipofika nyumbani akaoga, akala, akasema kazini kwema.

Basi ikawa hivyo wiki ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Kila alfajiri anavaa koti la kazi, anatoka. Alizunguka kutafuta kibarua. Siku moja anapata kupakua viazi, siku moja kubeba mbao, siku tatu hapati kitu. Ule mshahara wa mwezi mmoja ukalipa kodi ya nyumba, ukanunua mkaa na unga, ukaanza kuisha. Mkewe akiuliza habari ya ile karatasi anamjibu, mwezi ukiisha, mke wangu, mwezi ukiisha. Mkewe anaitikia tu, anarudi jikoni.

Na Jumamosi je? Hapo ndipo nataka mnisikilize. Mtu asiye na kazi, mwenye mke wa kujifungua muda wowote, angefanya nini Jumamosi? Huyu wetu alipita dukani. Alinunua mikate mitatu kwa hela ya mkaa, akavua mifuko ya plastiki akaitupa, akaifunga mikate kwenye gazeti kama alivyozoea, akaenda kuiweka kwenye kapu. Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wakamshukuru. Akarudi nyumbani ameshiba shukrani, na kwenye debe la mkaa limebaki vumbi.

Jumamosi ya nne, wakiwa wanaagana, mama mmoja, katibu wa jumuiya, akasimama. Alikuwa mtu mzima, mwenye maneno machache. Akatangaza kwamba wiki inayokuja kapu litakwenda kwenye nyumba inayotarajia mtoto, na kipato cha nyumba hiyo kimekatika. Akaomba kila mmoja alete kitu cha kumfaa mama au mtoto. Akakaa.

Mwokaji akasikitika kweli. Akamkumbuka binti mmoja wa nyumba ya nyuma, ambaye naye alikuwa mjamzito na mumewe alishinda kijiweni kutwa. Akasema moyoni, maskini, wanaume wengine bwana, wanaoa kabla hawajajipanga. Ndugu zangu, msicheke. Au chekeni, lakini mjue mnamcheka nani.

Wiki ikapita bila kibarua hata kimoja. Jumamosi asubuhi mfukoni hamna hata hela ya mkate mmoja, na safari hii mkate wenyewe haukuombwa, kimeombwa kitu cha mtoto. Mkewe alikuwa amekwenda kuchota maji bombani. Mwokaji akapiga magoti, akauvuta ule mfuko chini ya kitanda. Akaitazama khanga, akaona mkewe ataikosa mara moja. Akalitazama sweta. Akajisemea kwamba mtoto hajazaliwa bado, na mwezi ukiisha atanunua lingine, zuri kuliko hili, lenye mikono sawasawa. Akalikunja likawa dogo, akalitia ndani ya koti. Akaenda nalo kwenye jumuiya. Akaingiza mkono chini ya kitenge, akaliacha humo, akarudi kukaa kwenye nafasi yake ya siku zote.

Ilipofika saa nane mchana, hodi ikapigwa mlangoni kwake. Akafungua. Walikuwa mama katibu na mwenzake, wamelibeba kapu wawili, huku na huku.

Mwokaji akatabasamu. "Karibuni, mama zangu. Nadhani mmepitiliza. Nyumba ya yule binti ni hii ya nyuma, ukizunguka hapo kwenye ukuta."

"Hatujapitiliza, mwanangu," akasema mama katibu. "Tupishe tuingie, kapu ni zito."

Wakaingia, wakalitua katikati ya chumba. Mke alikuwa ameketi kwenye mkeka, amenyoosha miguu yake iliyovimba. Hakushangaa. Akalisogeza kapu, akafunua kitenge, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja. Glovu. Pamba. Uzi. Mpira wa kutandika, mpya kabisa, umekunjwa vizuri. Beseni la bluu. Unga wa ngano, sukari, na mafuta ya kupikia. Kwa kila kimoja alisema asante, na mama wale wakaitikia. Mwokaji alisimama palepale mlangoni. Alitaka kukimbia, na hakuwa na mahali pa kukimbilia, maana pale ndipo kwake.

Chini kabisa ya kapu mkono wa mke ukagusa sufu. Akalitoa sweta la kijani. Akalinyoosha juu ya magoti yake, akavuta mkono mmoja, akavuta na wa pili, akaona ule ulivyozidi.

"Hili nimelifuma mimi," akasema.

Mumewe akatoka pale mlangoni, akasogea karibu na kapu.

"Nilijua kesho yake tu," mke akasema, wala hakupandisha sauti. "Uliingia hapa hunukii mkate. Nikashika ndoo ya maji ya moto nikakosa la kuifanyia. Nikasema atakula kwanza, ataniambia. Nikasema atapumzika, ataniambia kesho. Wiki tano, mume wangu. Nesi ananiuliza presha inapanda kwa nini, nami najua inapanda kwa nini. Inapanda kila alfajiri ninapokuona unafunga vifungo vya lile koti."

"Nilitaka kukulinda," akasema mwokaji. "Wewe na mtoto."

Mke akaliinua sweta kidogo, akamwonyesha. "Mtoto ulimvua."

Mwokaji akaketi chini sakafuni, akalia. Alilia kama mtoto, na mama katibu akamwacha alie mpaka akanyamaza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo walijuaje, maana alikuwa na hakika mkewe hakutoka kwenda kumsema.

"Mkeo hakusema neno mpaka nilipokuja kumuuliza," akajibu mama katibu. "Uliyesema ni wewe. Miaka yote unatuletea mikate iliyovunjika pembe. Jumamosi ile nikafunua gazeti nikakuta mikate mizima. Mkate mzima, mwanangu, kiwanda hakigawi bure. Nikajua huyu sasa ananunua."

Akakichukua kitenge sakafuni, akakikunja taratibu magotini.

"Hiki kitenge unadhani kiliwekwa ili asionekane anayetoa kingi? Kiliwekwa na marehemu mama yangu, kwa ajili ya siku ambayo mtu hana kitu. Ungeingiza mkono mtupu, ukautoa mtupu, na hakuna ambaye angejua. Jumamosi zote hizo ulikuwa na ruhusa hiyo."

Mama wale wakaaga. Walipoondoka, mke akasema wasipoteze siku. Akasema wewe ni mwokaji, jiko tunalo, unga wa ngano huu hapa umeletwa, na mlango wetu unatazama njia ya kwenda shule. Akasema pia kwamba kile chumba cha pili wakirudishe kwa mwenye nyumba, kodi ipungue, mtoto mchanga hahitaji sebule. Alikuwa ameyafikiria yote hayo wiki tano, yuko nayo kifuani, anasubiri kuambiwa. Jumatatu watoto wa shule wakanunua maandazi mlangoni pale. Hawakutajirika, wala sitawadanganya. Wiki mbili baadaye mtoto akazaliwa salama, wa kike, akavishwa sweta lake la kijani, mkono mmoja umekunjwa mara mbili.

Sasa tumwache mwokaji na mkewe, wana mtoto wa kulea. Tuje kwetu sisi.

Sisi tunamshangaa mtu aliyemvua mwanawe ili awe na cha kutoa mbele za watu. Lakini ni wangapi humu ndani tumechangia harusi mwezi huu na nyumbani dawa haijanunuliwa? Ni wangapi tunavaa koti la kazi ambayo haipo tena? Tunasema tunawalinda wake zetu, tunawalinda waume zetu, tunawalinda wazazi. Mwenzako analala nawe kitanda kimoja, anakupikia, anakusikia ukigeukageuka. Unadhani hajui? Anajua. Anashika ndoo ya maji ya moto mkononi, anasubiri.

Wewe uliyepoteza kazi, na mama watoto siku zake zimekaribia, nakuomba jambo moja tu. Leo ukitoka hapa, usipite kwanza dukani. Nenda nyumbani ukaseme. Sema kabla hujala. Mkiwa wawili mnaojua, mtakaa na ile karatasi ya kliniki mpange kipi kinunuliwe leo na kipi kisubiri. Ukijua peke yako, hakuna mnachopanga, mnaigizana tu. Na Mungu anayetusikia hapa, hajawahi kumwomba mtu yeyote sweta la mwanawe.

Na sisi ambao leo tunacho, tujifunze kwa yule mama katibu. Aliutazama mkate. Basi tutazamane. Jirani yako akianza kuleta mkate mzima, usiishie kumsifu.

Pale mlangoni nimewaomba wazee waweke kapu, na juu yake kuna kitenge. Wakati wa kutoka tutapita wote, mmoja mmoja, mimi nikiwa wa kwanza. Kila mtu ataingiza mkono. Mwenye kitu aweke. Asiye na kitu aingize mkono mtupu, asione haya. Na mwenye shida kubwa, aliye na mtu anayemsubiri nyumbani, akikuta humo ndani kitu cha kumfaa, achukue. Kitenge kitafunika mikono yetu yote.