Trekta la Bwana Mwinchande

Meli ndogo ya mizigo iliingia Mkwavuni na mabati ya zahanati. Maji yalipokupwa ikakalia mchanga, kama meli zote zifanyavyo pale, ikingoja bahari irudi. Bwana Mwinchande, tajiri wa minazi, akateremka pwani na trekta lake jipya, akaliegesha ubavuni mwa meli.

"Pwani hii yangu," alimwambia Mkejina, afisa wa meli. "Kilicholala juu yake ni changu. Shusheni mabati!"

Wanakijiji waliokuja kuyapokea walirudi nyuma. Wote walikuwa wamejenga kwenye ardhi yake.

"Sawa, Bwana," alisema Mkejina. "Na kilichomo majini?"

"Chenu, mabaharia. Mimi nitakifanyia nini?"

Mkejina akamkaribisha ndani anywe kahawa wakati mabaharia wakifungua kamba. Siku hiyo mafundo yalikuwa magumu ajabu. Akamwuliza aliipataje pwani, naye Bwana Mwinchande akaanzia kwa babu wa babu yake. Alipomfikia marehemu baba yake, kikombe kikateleza mezani. Meli ilikuwa inaelea.

Akakimbilia nje. "Trekta langu!"

"Lipi, Bwana? Hilo lililomo majini?"

Wanakijiji wakaangua kicheko.

"Livuteni, injini italowa! Mnataka nini?"

"Sisi hatutaki kitu," alisema Mkejina. "Ila zahanati iko mbali, na mabati ni mazito."

Maji yalipokupwa tena, Bwana Mwinchande mwenyewe ndiye aliyeshika usukani wa trekta lililobeba mabati hadi zahanati.