Mpira Uliobaki Msumarini

"Waya hauchuniki njiani, huchunika tunduni." Jana mlimsikia mchungaji akiwaambia maharusi maneno haya, mkacheka kwa sababu mliona waya na ndoa havikutani popote, na leo mmekuja kuuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa hapahapa Kiomboi, na chanzo chake ni asubuhi ya Alhamisi ambayo sauti ya Zefania Nkumbi ilikatika mjini.

Zefania alikuwa na gari la matangazo. Mtu akifa, ng'ombe akipotea, chanjo ya watoto ikija, yeye ndiye aliyezunguka na spika mbili juu ya paa akitoa habari. Asubuhi ile alikuwa akipita kando ya soko. "Familia ya marehemu Mzee Lula inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba maziko ya mpendwa wao yatafanyika leo, saa..." Ukasikika mkwaruzo, kisha kimya. Wanawake waliokuwa wakipepeta mtama walishikilia nyungo zao, wakingoja saa itajwe. Haikutajwa.

Fundi Msengi alikuwa kibandani kwake, akifungua redio ya lori. Alisikia sauti ilivyokatika, akaweka bisibisi chini. Zefania alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake Tabea, na vyombo vyote vya lile gari alivifunga yeye. Kabla hajaona moshi, alikuwa ameshajua unatokea wapi.

Siku kumi na mbili nyuma, Zefania alikuwa amemletea amplifaya kubwa ya kukuzia sauti, iliyotaka umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye betri. Betri iko mbele, chini ya boneti; amplifaya ilikaa nyuma ya kiti. Katikati yake kuna ukuta wa bati unaowatenga watu na injini, na waya mnene kama kidole hauna budi kuupita. Msengi alitafuta upenyo wa zamani, hakuupata. Akatoboa tundu kwa drili, juu kidogo ya pedeli ya klachi.

Bati lililotobolewa lina meno. Kwa hiyo Msengi alikuwa na desturi yake, na mafundi wenzake walimcheka kwayo: hulisugua tundu kwa tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, kisha hukata kipande cha mpira wa baiskeli, hukikunja mara mbili na kukivika ukingo wa tundu. Ndipo waya hupita. Mpira wenyewe ulining'inia kwenye msumari ukutani, hatua nne kutoka pale alipokuwa ameinama.

"Shemeji," Zefania aliita kutoka nje, "unafunga waya au unamvisha bibi harusi? Watu wa Ndago wananingoja na maiti yao."

"Bati hili ni kisu."

"Kisu kwa nani? Waya una shingo?"

Msengi alicheka. Alikuwa amechoka, tangu alfajiri alikuwa ameinama ndani ya magari ya watu. Alitazama msumari. Kisha akachukua solotepu iliyokuwa mkononi, akauzungushia waya mara tatu, akaupitisha. Fyuzi nayo aliifunga nyuma, kando ya amplifaya, kwa kuwa huko mkono ulifika kwa urahisi.

"Jumatatu urudi nilivike mpira lile tundu," alisema.

"Nitarudi. Nisiporudi, nitume mshenga?"

Jumatatu hakurudi. Misiba ilifuatana wiki ile. Msengi alimwona akipita mbele ya kibanda mara nne, na mara zote nne alimpungia mkono. Hakumsimamisha hata mara moja.

Hiyo Alhamisi, moto ulianzia chini ya dashibodi. Ndani ya gari alikuwamo bibi mmoja wa ukoo wa Lula, aliyepewa lifti kwenda msibani, na miguu yake ilikuwa mizito. Zefania alishuka, akazunguka upande wa pili, akamtoa yule bibi kwa mikono miwili huku moshi ukimjaa kifuani. Bibi alipona. Zefania alipelekwa hospitali, akafariki Ijumaa.

Kabla ya kwenda msibani, Msengi alikwenda kwanza kulitazama gari lililoungua. Mbele palikuwa majivu. Lakini nyuma moto haukufika, kwa hiyo aliinua zulia, akaufuata waya kwa vidole kutoka kwenye amplifaya. Chini ya zulia ulikuwa mzima, mweusi, laini, na ganda lake halikuwa na mkwaruzo hata mmoja, ingawa ulikuwa umesafirishwa siku kumi na mbili kwenye barabara zenye mawe. Alipofika kwenye tundu aliona shaba ikiwa imeyeyuka, imeganda kwenye ukingo wa bati kama tone. Akakaa pale chini mpaka mtu akaja kumwambia kwamba wazee wanamhitaji.

Kwetu marehemu hazikwi kabla ya kusomwa historia yake, na historia haisomwi bila kutaja kilichomuua. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi uani. Mzee Shila, mwenyekiti wa msiba, alikuwa na daftari gotini. Wanawake walikuwa kwenye mikeka karibu na mlango, Tabea katikati yao, kitambaa kichwani, macho makavu.

"Fundi, kaa," Mzee Shila alisema. "Tumefika hapa: ajali ya moto. Tuandike umesababishwa na nini?"

"Kuna asiyejua?" alidakia Gidioni, binamu wa marehemu. "Zefania na sigara walikuwa mapacha. Na kidumu cha petroli hakikumtoka nyuma ya kiti."

"Gidioni, huu ni msiba," mtu alimkemea.

"Mimi ninasema kweli. Mnataka tumdanganye Mungu?"

Tabea aliinua kichwa, akamtazama Gidioni, kisha akakiinamisha tena.

"Au tuandike barabara," Mzee Shila alisema taratibu. "Makorongo haya yanavunja kila kitu. Waya umetikisika, ukachunika, basi. Hakuna wa kulaumiwa. Wewe ndiye mjuzi, Msengi. Sema barabara, niandike, tukachimbe kaburi."

Benchi zima lilimgeukia. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, na waliomfungulia walikuwa wakubwa wake. Neno moja tu, barabara, na kesho angefungua kibanda chake kama kawaida, na dada yake angeendelea kumletea uji wa ulezi siku za Jumamosi. Shemeji yake asingeitwa mvuta sigara wala yeye asingeitwa muuaji. Alitamani sana kulisema. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata uongo mfupi ulimwelemea.

"Waya hauchuniki njiani, Mzee," alisema. "Huchunika tunduni."

"Unamaanisha nini?"

"Nimeufuata kwa mkono wangu. Njia nzima ni mzima. Umechunika pale unapopita kwenye bati, na tundu hilo nililitoboa mimi. Sikulivika mpira."

"Lakini fyuzi si ilikuwepo?" aliuliza mtu mmoja. "Mimi niliiona."

"Niliiweka nyuma. Fyuzi hulinda kinachofuata baada yake, si kilicho kati yake na betri. Kutoka kwenye betri mpaka kwenye tundu, waya haukuwa na mlinzi."

Kalamu ya Mzee Shila ilisimama. Gidioni alikohoa, akatazama viatu vyake. Tabea aliinuka kwenye mkeka, akaja mpaka kwenye benchi la kaka yake. Hakulia.

"Kaka, mpira hukuwa nao?"

"Nilikuwa nao. Ulikuwa msumarini."

"Na ulijua kwamba tundu linakata?"

"Nilijua."

"Ulijua baada ya moto, au kabla?"

"Kabla, dada."

Mtu akamletea Tabea kigoda, hakukikalia.

"Yeye naye hakurudi Jumatatu," Msengi alianza, kisha akasikia alichokuwa akisema, akaacha.

"Mzee Shila," Tabea alisema, "andika hivyo alivyosema. Sigara usiiandike." Kisha akamgeukia kaka yake. "Leo sina nguvu za kukukasirikia. Chukua jembe, nenda ukachimbe na wenzako."

Msengi akaenda. Kaburini aliingia wa kwanza na kutoka wa mwisho, na hakuna aliyempokea jembe. Ilipofika zamu ya historia, ilisomwa kama ilivyoandikwa: waya haukuchunika njiani, ulichunika tunduni. Wachimbaji waliondoka wakiyarudia maneno hayo, na kabla ya mwaka kwisha, watu ambao hawajawahi kushika betri walikuwa wakiyatumia.

Walikuwa na sababu. Ndugu huishi miaka thelathini bila kugombana, wakaja kuchanana siku ya kugawana shamba. Rafiki huvumilia shida zote, akavunjika moyo kwa namna alivyoagwa. Safari ndefu kila mtu huiogopa, na kila mtu hujiandaa kwa ajili yake. Pale pembamba, pa kuvuka mara moja tu, ndipo tunapopita kwa haraka, tukiahidi Jumatatu. Mchungaji hakuwa akiwaogopesha wale maharusi. Alikuwa akiwaambia watazame wanapovukia.

Sasa ni mwaka wa kumi na tisa. Tabea aliacha kupeleka uji. Wakikutana kanisani, humwamkia kaka yake, naye huitikia. Msengi bado anafunga redio na amplifaya, palepale. Hamkabidhi mtu ufunguo mpaka mwenye gari ameinama chini ya boneti na kuugusa mpira kwa kidole chake mwenyewe. Wengine hulalamika kwamba wanachelewa, kwamba gari linakwenda karibu tu. Huwajibu: "Waya hauchuniki njiani, huchunika tunduni." Kisha husimama kando ya boneti, akingoja kidole.