Bahari Alivyosogea Kupisha Mkeka

Enzi hizo maji yalikuwa hayajui kupwa wala kujaa. Bahari alikuja alipojisikia, akakaa alivyopenda, akiondoka kaondoka. Na ile njia ya chini ya jabali, hii tunayopita leo na vikapu kichwani tukipiga soga, ilikuwa njia ya kuagana na watu wako kabisa. Jabali lenyewe refu, mwewe akilipanda ilibidi apumzike katikati ale kwanza. Juu hakupitiki, miba mitupu. Ni huko chini tu, mchangani, roho mkononi.

Basi palikuwa na mkunga mmoja, Mwatime. Mkunga kama yeye hakuna kutoka hapa mpaka dunia inapoishia, na huko inapoishia nako walikuwa wanamwita. Watoto aliowapokea ni wengi hata akisalimiwa njiani hajui anasalimiwa na nani. Lakini binti yake wa pekee, Mejumaa, aliolewa ng'ambo ya jabali, na sasa uchungu wa mimba ya kwanza ulikuwa umemshika. Mumewe, Nyawa, akaja mbio kumchukua mama mkwe.

Wakatembea mpaka wakafika katikati ya njia. Bahari huyo, hata hodi hakupiga. Wakaparamia mwamba uliotokeza kama baraza, wakawasha moto, wakatandika mkeka, wakalala hapohapo. Kulipokucha Bahari yupo vilevile, amejinyoosha chini ya jabali kama mtu asiye na safari.

"Mama, tuogelee," Nyawa akasema.

"Uogelee na miguu hiyo kama vijiti vya mshikaki? Keti."

"Mejumaa yuko peke yake, mama."

"Najua aliko. Nimemzaa mimi."

Alijibu kwa ukali, lakini macho yake yalikuwa ng'ambo. Wanawake wa pwani nzima aliwashika mkono saa ile ya uchungu, na huyu wake mwenyewe atashikwa na nani? Mikono ikawa inamwasha kwa kukosa kazi. Akatoa unga wa mtama uliokaangwa, akaumiminia asali, akaanza kufinyanga vidonge vidogovidogo, anavipanga ukingoni mwa mwamba.

Mwamba ule ulikuwa na mwenyewe: kaa mdogo, saizi ya kifungo, ambaye enzi hizo aliishi juu ya mawe matupu, yeye na njaa yake. Akachungulia kutoka kwenye ufa. Na Bahari naye harufu ya asali ikampata. Akajiinua.

"Mnapika nini hapo?"

Mwatime hakubabaika. Mtu aliyezoea kufukuza mawifi mlangoni mwa mzazi, Bahari atamtisha nini?

"Karamu," akasema. "Na wewe umealikwa. Lakini bibi wee, mgeni gani anakalia mahali pa kutandika mkeka? Sogea kwanza tukuandalie."

Sasa Bahari, na ukubwa wake wote ule, tangu aumbwe hajaalikwa na mtu. Watu humkimbia tu. Akaona haya. Akakusanya upindo wa nguo yake, akasogea, akasogea, akasogea, mpaka samaki wakabaki wanaulizana wamekosa nini.

Mwatime akamwinamia kaa. "Baba, unga wangu haumtoshi mgeni huyu, lakini mchanga upo. Shuka ufinyange kama ulivyoniona. Mpishi lazima aonje, kwa hiyo kila kidonge kipitishe mdomoni, kilicho kitamu humo ni chako. Ukimaliza chimba shimo mchangani, ingia ndani ufunge mlango, ndiyo ajue karamu iko tayari."

"Akigundua ni mchanga?"

"Atagundulia wapi, hajawahi kula kitu kilichopikwa."

Kaa akashuka na njaa yake, akafinyanga mpaka ufuo wote ukajaa vidonge. Mwatime akajifunga kanga, akatimua mbio. Na unene wake ule, mkwewe alikuwa anafuata vumbi tu, na mchanga ulikuwa mbichi.

Walipopanda ng'ambo, kaa akaingia akafunga mlango. Bahari akaja taratibu, kwa adabu, akala vyote asibakize hata kimoja. Akajilamba.

"Chumvi imekolea," akasema. "Mtaandaa tena lini?"

Mwatime alikuwa amefika mlangoni kwa Mejumaa. Alimshika mkono mwanawe, na haikuchukua muda mtoto akalia, wa kike, sauti kama baragumu. Ndipo bibi akatoa kichwa dirishani akamjibu Bahari: "Leo leo, ukisogea. Na kila ukisogea."

Na tangu siku hiyo Bahari husogea mara mbili, mchana na usiku, mkeka utandikwe. Msafiri wa njia ile huwatazama kaa. Akiwakuta wanafinyanga, anapita na watoto wake na mizigo yake, anaimba. Akiwaona wanaingia na kuziba milango, anapanda mwambani, anawasha moto wake, anampisha mgeni ale.

Wapo wanaosema eti ni mwezi ndio unaovuta maji. Sawa. Mwezi umempikia nini?