Chapati za Dukani na Ulimi wa Ngiri

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa kikaango.
— Cha nani?
— Cha mama asiyelala.

Haya, sogeeni, wa nyuma wasisukume wa mbele, niwape habari za Bi Pimbi.

Bi Pimbi alikaa juu ya jabali pamoja na wanawe watatu. Mumewe alichukuliwa na tai mchana kweupe, na tangu siku hiyo alilea peke yake. Riziki yake ilikuwa barafu za ubuyu. Alikuwa na friza kuukuu. Alichemsha ubuyu na sukari, akatia kwenye vifuko vidogo, akagandisha, akaenda kuuza langoni pa shule wakati wa mapumziko. Haikuwa kazi ya kumnenepesha mtu, lakini watoto walivaa na walisoma.

Kila alfajiri Bi Pimbi aliwapikia wanawe chapati za maji. Alikoroga unga, koro koro koro. Alimimina kikaangoni, chwaaa. Aligeuza, pa. Harufu ikatoka mlangoni, ikateremka jabali, ikavuka kijito, ikamkuta Ngiri amelala shimoni mwake. Pua iliamka kwanza, Ngiri mwenyewe akafuata. Akaja, kwata kwata kwata, mkia juu.

Ngiri alimwita Bi Pimbi shemeji. Hakuna ngiri aliyewahi kuoa kwa pimbi, wala pimbi kwa ngiri, lakini yeye alishikilia kwamba marehemu alikuwa kama ndugu yake. Aliingia bila hodi, akapiga magoti kama wafanyavyo ngiri wanapokula, akala. Akala ya kwanza, akala ya pili, akala mpaka ya mwisho, watoto wanamtazama. Akimaliza alijifuta mdomo, akasema watoto bado wadogo na matumbo yao madogo, watakula mchana.

Bi Pimbi afanye nini? Mgeni hafukuzwi penye chakula, na mgeni mwenyewe alikuwa na pembe nne mdomoni. Siku aliyojaribu kufunga mlango, Ngiri aliung'oa pamoja na bawaba zake, akauegemeza ukutani taratibu, akauliza chapati ziko wapi.

Mambo yalikwenda hivyo hata Mwalimu Korongo akaleta habari. Mtoto mdogo, Chausiku, alikuwa ameanguka darasani katikati ya hesabu. Haumwi kitu, alisema mwalimu, ni njaa. Bi Pimbi hakulia. Alikaa kizingitini, akatazama mikono yake yenye unga, akaona haya kana kwamba aliyekula ni yeye.

Jioni hiyo alikwenda dukani kwa Kobe kununua sukari. Ndani ya friza ya duka aliona pakiti asizozijua. Zilikuwa chapati za maji, zimekwisha pikwa na kugandishwa, pakiti moja chapati nyingi. Akauliza ni za nani. Kobe, ambaye hata maneno hayatoi haraka, alieleza kwamba ni za watu wasio na nafasi asubuhi. Unaweka chapati kwenye kikaango kikavu, unahesabu hadi thelathini, unageuza, umemaliza. Bi Pimbi akauliza kama zinanukia. Kobe alifikiri sana, kisha akakiri kwamba wateja wanalalamikia jambo hilohilo: hazinukii hata kidogo.

"Nipe pakiti mbili," alisema Bi Pimbi.

Alizificha chini ya kanga njia nzima. Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mke anayenunua kifungua kinywa leo, kesho atanunua na machozi ya kulia. Bi Pimbi alizitia kwenye friza yake, chini ya barafu, kama mtu anayezika kitu.

Asubuhi hakukoroga. Hakumimina. Aliweka chapati kwenye kikaango kikavu, tss, akahesabu hadi thelathini, akageuza. Harufu haikutoka mlangoni. Haikuteremka jabali, haikuvuka kijito. Watoto walikula jua halijachomoza. Mkubwa wao, Siwatu, alitafuna kwa muda, akasema ni kama kula godoro. Chausiku akasema godoro likipakwa asali si baya. Wakapaka asali, wakala mbilimbili, wakaenda shule. Bi Pimbi alikaa akanywa chai yake ikiwa bado moto, jambo ambalo hakukumbuka mara ya mwisho lilitokea lini.

Ngiri aliamshwa na jua mgongoni. Akaja, kwata kwata kwata, akakuta kikaango kimekwisha oshwa. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu vivyo hivyo. Siku ya nne akakutana njiani na Chausiku akienda shule, mashavu yamejaa, kidevu kinang'aa asali. Ngiri si mtu wa kufikiri sana, ila njaa ilimsaidia.

Siku ya tano alfajiri, Bi Pimbi alipoamka kuwasha jiko alimkuta Ngiri ameshaketi ndani. Ngiri akasema anajua kila kitu. Anazitaka hizo zisizonukia, anazitaka zote, na anazitaka sasa hivi.

Zilikuwa zimebaki chapati sita. Aliwatazama watoto waliopangana mkekani, akamkumbuka Chausiku ameanguka kati ya madawati. Halafu akatazama friza. Mwaka uliopita Siwatu alikuwa amelamba bati la ndani ya friza hiyo, na mama yake alijua vizuri kilichotokea. Alijua na jambo jingine. Ngiri hakupata kumwamini hata siku moja, maana anayezoea kudanganya wenzake husikia uongo hata anapoamkiwa.

Kwa hiyo Bi Pimbi aliamua kumwambia ukweli wote.

"Zimo ndani ya friza, shemeji," alisema. "Lakini nakusihi, usizile zilivyo. Ni ngumu kama mawe. Nipe nafasi nizipashe moja moja."

"Moja moja, ili nyingine uzifiche."

"Na ule ubuyu mwekundu ulioganda ukutani humo, usiulambe. Utakudhuru."

Ngiri alicheka mpaka mabega yakatikisika. Akasema marehemu alimwonya zamani kuwa mke wake akisema kitu hakifai, basi ndicho kitamu kuliko vyote. Akafunua friza, akatumbukiza kichwa chote.

Alianza na chapati. Akauma, kaa! Jino likalia mpaka sikioni. Akaiachia. Ndipo akauona ubuyu, mchirizi mwekundu, mnene, umeganda kutoka juu hadi chini. Akawaza: usingekuwa mtamu, ningekatazwa kwa nini? Akatoa ulimi wote, akalamba.

Nat.

Ulimi haukurudi. Ngiri akavuta. Friza ikamfuata, kwaru, kwaru. Akavuta tena, akaona nyota.

"Heheji," alisema. Alikuwa anataka kusema shemeji.

"Nakusikia," alijibu Bi Pimbi.

Akapitisha mkono chini ya kidevu cha Ngiri, akatoa pakiti. Akaweka kikaango kikavu, tss, akahesabu hadi thelathini, akageuza. Ile yenye alama ya jino aliikata ukingo. Watoto walikula mbilimbili, kwa asali, bila haraka, na kichwa cha mgeni kikiwa humo ndani ya baridi kinasikia kila tonge. Chausiku aliuliza kama shemeji hali. Mama akasema shemeji ni mkubwa, tumbo lake kubwa, atakula mchana.

Kisha akawasindikiza watoto mpaka shuleni. Hakubeba barafu siku hiyo, kwa sababu kichwa cha Ngiri kilikuwa kimeziba njia. Alirudi polepole, akachemsha maji, akayapooza, akayamimina kidogo kidogo penye ulimi. Hakumtaka Ngiri aahidi chochote, na Ngiri hakuahidi, maana hakuwa na ulimi wa kuahidia. Ulipobanduka alitoka bila kuaga. Kwata, kwata, mkia chini.

Hakurudi tena. Juma zima alikunywa uji uliopoa, na kila aliyemuuliza alimwambia kwa ulimi mzito kwamba kwa Bi Pimbi chakula ndicho kinachomuuma mlaji. Bi Pimbi hakubisha. Siku za shule aliendelea kupasha za dukani. Jumamosi alikoroga unga mwenyewe, kwa sababu watoto walisema godoro linatosha siku tano.

Hadithi yangu imeiva, nimeiepua. Walioipenda wajipakulie, na walioiona chapwa watie chumvi yao wenyewe.

Funzo? Najua hamtaniachia niondoke bila funzo. Funzo ni hili: mama mwema huamka gizani akakoroga unga kwa mkono wake, na chakula cha dukani hakijapata kumfaa mtoto wa mtu. Hayo aliyasema Ngiri mwenyewe mkutanoni, akiwa na ulimi umefungwa kitambaa, na wanaume wote waliohudhuria wakatikisa vichwa kwamba ni kweli.