Mtungi wa Tusekile

"Mwenye kiu mpe kata, usimpe mtungi." Mmemsikia shangazi yenu akiyasema hayo leo, mkaniuliza yametoka wapi. Yalitoka kwa kaka yangu Ambakisye, tuliyemzika mwaka jana. Chanzo chake ni hiki.

Ambakisye alitunza seva ya chama chetu cha wafugaji, kompyuta ya zamani yenye ukubwa wa kabati, iliyotunza kumbukumbu zote. Mkewe Tusekile ndiye aliyeingiza humo habari za kila mfugaji, na pembeni aliongeza neno lake: "Ng'ombe huyu hakamuliki asipoimbiwa." "Mama huyu kafiwa, msimharakishe."

Tusekile alifariki bila kuacha mtoto. Tangu hapo kaka aliwahi ofisini kila asubuhi, akasoma maneno hayo kabla ya kazi. Picha za mkewe alikuwa nazo nyumbani, lakini sauti yake ilibaki humo tu.

Wakaja vijana wawili kutoka Dar es Salaam, Mwanaidi na mwenzake, kutengeneza programu ya simu kwa wafugaji. Walihitaji kuiuliza seva data kwa SQL, lugha ya kompyuta ya kuombea kumbukumbu. Kaka alijua inavyotakiwa: kila mgeni apewe jina lake la kuingilia, asome tu, tena yale yanayomhusu. Lakini kwetu mgeni hapimiwi chakula, na nyumba ile haikuwa imesikia kicheko tangu msiba. Vijana walikula kwake, wakamwita baba. Akawapa nywila yake mwenyewe, inayofungua na kufuta kila kitu.

Asubuhi moja alifungua, akakuta pembeni ni patupu.

"Mwanaidi, mwanangu, yale maneno ya pembeni yako wapi?"

"Tumeyasafisha jana mchana, baba. Yalikuwa yanaikwamisha programu. Eti ng'ombe aimbiwe!" Akacheka.

"Aliyeandika ni mama yenu."

Kicheko kikamkauka. "Si ipo nakala ya akiba?"

"Kanda ya akiba ni moja tu. Jana jioni imeandikwa upya, ya zamani ikafutika."

"Baba, mbona hukutufungia?"

"Ningewafungiaje watu wanaokula kwangu?"

Mwanaidi alilia sana. Kisha akaketi na kaka, wakatengeneza njia ya kusoma tu, yenye jina na nywila ya kila mgeni.

Mwenzake Mwanaidi akanung'unika, "Wageni wengine watasema unawanyima."

Kaka akamwonyesha mtungi wa maji uliokuwa kwenye kona ya ofisi, na kata ya kuchotea juu yake. Tusekile ndiye aliyeuweka pale.

"Tangu umefika unakunywa hapa. Nimekunyima?"

"Hapana, baba."

"Na mtungi nimekukabidhi?"

Kijana akachukua kata, akachota maji.

Wageni wengi walikuja baadaye, wakasoma walichohitaji, wakaenda zao. Kaka aliendelea kuwahi ofisini. Niliwahi kumkuta ameketi mbele ya ile sehemu tupu, midomo ikicheza, akijaribu kukumbuka ni ng'ombe wa nani aliyekuwa akiimbiwa.

Wageni hawakukosa maji. Aliyebaki na kiu ni mwenye mtungi. Kwa hiyo, wanangu, mwenye kiu mpe kata, usimpe mtungi.