Fungu la Mbwa wa Kobelo

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma huko mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Palikuwa na mtu, palikuwa na mbwa wawili, na palikuwa na lidude ambalo sitalitaja bado. Atakayenikatiza, nanyamaza, narudi kuchambua kunde zangu.

Hapo zamani, kando ya mto wenye mawe mengi, aliishi Kobelo na mkewe Chiku. Kobelo alipenda pori, jamani! Kumekucha tu, keshatoka. Akivua, anavua kwa ndoana, anakaa juu ya jiwe anasikiliza maji. Akichuma uyoga, anaunusa kwanza. Akiwinda, anawinda na mbwa wake, Sindano na Chapuo, na akirudi anasimulia mbio zao mpaka chakula kinapoa.

"Wewe ungeoa mto," mkewe alikuwa akimwambia.

Wawindaji wa huko walikuwa na desturi yao. Mnyama akianguka, kabla mtu hajachukua chochote, ini linakatwa, na mbwa wanapewa pale pale, kwa mkono wa bwana wao. Hilo ndilo fungu la mbwa. Halibebwi nyumbani.

Basi, ukaja mwaka wa mikosi. Kobelo akaenda mtoni kuvua: patupu. Akaenda kuchuma uyoga, nguruwe wamekwisha kuukanyaga: patupu. Akaenda kuwinda, kanga wakaruka wote: patupu. Akirudi nyumbani anatupa mkuki chini. Chiku akiuliza, "Vipi?" anajibiwa, "Huoni?"

Siku moja, baada ya kuhangaika tangu alfajiri, mbwa wakamkamata paa. Paa mwenyewe mdogo, mifupa mitupu! Kobelo akamtazama, akasonya. Akakata ini. Sindano na Chapuo wakakaa chini, wakangoja.

"Mnangoja nini?" Kobelo akafoka. "Kwa kapaa haka? Mngekimbia vizuri tangu mwanzo wa mwaka, mngekula!"

Akalitia ini mfukoni. Mbwa wakamtazama. Wakamfuata nyuma, taratibu.

Kesho yake, njiani kwenda porini, penye kivuko, Kobelo akamkuta mzee mmoja amekaa juu ya jiwe. Mzee safi, mpole, kichwani kilemba kikubwa kimeshuka mpaka kisogoni. Mbwa wakaanza kunguruma.

"Nyamazeni!" Kobelo akasema. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunja hivyo?"

"Riziki imenigomea. Na hawa mbwa nao, hasara tupu."

"Jana walikula fungu lao?"

"Hawakula."

Mzee akacheka. Akacheka kwa mdomo wa mbele, na chini ya kilemba kukasikika kicheko kingine. Eeh, sasa nalitaja: lilikuwa zimwi, lenye mdomo wa pili kisogoni! Na zimwi, wajukuu zangu, haliwezi kumgusa mbwa anayekula mkononi mwa bwana wake. Wala nyumba inayolindwa na mbwa hao haliingii. Miaka yote lilikuwa likizunguka nyumba ya Kobelo na njaa yake. Yeye alisikia vicheko viwili, akadhani mwangwi wa mto. Mtu mwenye hasira hasikii vizuri.

"Nipe mbwa hao," zimwi likasema, "nikupe mgono huu wa kutegea samaki. Hautoki mtupu hata siku moja."

Kobelo hakufikiri mara mbili. Akatoa mbwa, akachukua mgono. Zimwi likawafunga mbwa kwa unywele mmoja wa kichwa chake, likaondoka nao, Kobelo akiona, mpaka pango lake lililo juu ya kivuko.

Basi, Kobelo akatia mgono majini. Kabla hajakaa, umejaa! Siku ya kwanza akacheka. Siku ya pili akatabasamu. Siku ya tatu akatazama tu. Samaki ni wale wale, ukubwa ule ule, wanene, mafuta yanachuruzika. Angoje nini? Asikilize maji saa ngapi? Anatia, anatoa, anarudi. Jua halijapanda, kazi imekwisha, amekaa mlangoni anafukuza nzi.

"Umeshiba, mbona umenuna?" Chiku akauliza.

"Hata sijui. Nimechoka na sijafanya kitu."

Wakawa wananenepa. Na kila baada ya siku chache yule mzee anakuja kuwajulia hali. Anamshika Kobelo mkono, anaubinya, anasema, "Bado kidogo." Anamshika Chiku mkono, anaubinya, anasema, "Bado kidogo."

Siku moja akaubinya, akameza mate, akasema, "Tayari. Kesho jioni nakuja na chungu changu." Alipogeuka kuondoka, upepo ukainua kilemba. Chiku akaona meno.

"Mume wangu! Tulikuwa tunanoneshwa kama mbuzi wa sikukuu! Kumbe ni zimwi! Nenda kalete mbwa, ndio waliokuwa wakilizuia!"

"Watanifuata vipi? Niliwanyima fungu lao."

"Basi kawape!"

"La nini? Samaki wa mgono ni wa zimwi. Ini lazima nilitafute mwenyewe."

"Ndoana yako si ile pale ukutani? Unanitazama nini? Nenda!"

Kulipokucha Kobelo akaenda, tumbo mbele, anahema. Akakaa juu ya jiwe lake. Akatupa ndoana: patupu. Akahamia chini ya mto: patupu. Akahamia juu: patupu. Mbu wanamla, jua linamchoma, ndoana inanasa kwenye mizizi. Akalia kwa hasira, mtu mzima yule! Alitaka kumpiga mtu, na hapakuwa na mtu wa kupiga. Akafungua ndoana kwenye mizizi, akaitupa tena.

Jua lilipoanza kuteremka, akavuta kisamaki. Kidogo! Ini lake kama punje ya mtama. Akalifunga kwenye jani, akakimbilia pango la zimwi.

Akawakuta Sindano na Chapuo wamefungwa kwa ule unywele, mbavu nje. Kobelo akapiga magoti. Akaligawa lile ini kwa ukucha, akaweka nusu moja kwenye kila kiganja.

"Fungu lenu hili. Ni dogo, na nimechelewa."

Nyuma yake akasikia, "Umenirahisishia safari, mwanangu." Zimwi hilo, chungu kichwani! Kilemba limevua, midomo yote miwili wazi.

Kobelo hakuondoa mikono.

Chapuo akanusa. Akalamba kiganja. Unywele wake ukakatika! Akaruka juu ya kichwa cha Kobelo, akalishika zimwi koo. Chungu kikaanguka, pwaa! Zimwi likajaribu kumng'ata kwa mdomo wa mbele, likashindwa. Likajaribu wa nyuma, likashindwa. Likaanguka, likajigaragaza, likatulia kabisa.

Na Sindano? Alibaki pale pale. Zimwi lilipokufa, unywele wake nao ukakatika. Kobelo akamnyooshea mkono mwingine, ile nusu ingali juu yake.

"Sindano. Kula, baba."

Sindano akanusa. Akamtazama Kobelo usoni, kwa muda. Akageuza kichwa, akaingia porini.

Kobelo akaita, "Sindano!" Kimya. Akaita, "Sindano!" Kimya. Akaita mpaka sauti ikakauka.

Basi, Kobelo na Chapuo wakarudi kwa Chiku, na hakuna aliyeliwa. Kobelo akauchoma mgono. Akarudia kuvua kwa ndoana, akarudia uyoga wake, akarudia mbio za msituni. Raha yake ikamrudia. Lakini alipokuwa mtoni, mara nyingine alimwona mbwa ng'ambo anakunywa maji. Anaita. Mbwa anainua kichwa, anamwangalia, anamaliza kunywa, anaondoka.

Nini? Kama alirudi siku nyingine? Nimesema hakurudi! Hata mimi inaniudhi, mnadhani ninyi tu? Tangu nasimuliwa hadithi hii nikiwa mdogo nimekuwa nikimngoja avuke ule mto, na havuki.

Hadithi yangu imekoma hapo, sina ya kuongeza. Mkitaka, kasirikeni, hakuna anayewakataza. Lakini usimnyime haki yake yule aliyehangaika pamoja nawe. Unaweza kumwomba radhi, na asirudi.