Birika la Bi Somoe

Sogeeni niwaibie siri, ingawa mji mzima unaijua. Bi Somoe alipika mikate ya kumimina ya kuuza. Kila akiupiga picha mkate, akaiandika jina lake na kuituma kwa wateja kwa simu, Bwana Ngwali mwenye hoteli aliichukua, akafuta jina la bibi, akadai mkate ni wake. Wateja wakahamia hotelini.

Bi Somoe akamfuata. "Mwanangu, jina langu unalifutia nini?"

"Bi Somoe, andika mara mia, nitafuta mara mia."

"Basi umenishinda. Siandiki tena."

"Hapo sasa umetia akili!"

Bibi akarudi kwake, akalisugua birika lake kwa jivu na ndimu hadi likang'aa, akaliweka kando ya mkate, akapiga picha, akaituma. Jina hakuandika. Ngwali akaona mteremko. Akaichapisha kwenye bango kubwa kama ukuta, akaalika watu.

Kitambaa kilichofunika bango kilipovutwa, watu wakaangua kicheko.

"Bwana Ngwali," akasema mama mmoja aliyekuja kuagiza mkate wa harusi, "mbona ndani ya birika yumo Bi Somoe na simu yake, anakutolea ulimi? Mkate nauagiza kwake."

Bi Somoe akamwambia Ngwali kutoka nyuma ya watu, "Haya, mwanangu. Futa."